Kuweka injini ya dizeli kwenye Land Cruiser ya petroli kabla ya kulijenga liwe la kulala porini

Swali: "Marehemu baba aliniachia Land Cruiser ya mwaka 1994, mwili wa 80 (jina la toleo hilo), yenye injini ya petroli 1FZ-FE na giaboksi ya mkono. Chasisi haijaoza. Mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa tunataka kulitumia kwa safari za porini na kulala humo humo: Ruaha, Katavi, Kitulo, na Mungu akijalia hadi Malawi na Zambia. Kwa mwaka tutatembea kama kilomita 8,000. Shida ni kwamba linakunywa sana. Lita moja haizidi kilomita tano. Fundi mmoja ameniambia atang'oa injini hiyo na kuweka 1HZ ya dizeli iliyotumika Japani kwa shilingi milioni 14, kazi ya wiki mbili, kwa kuwa kila kitu kinaingia chenyewe, na kwamba gari litakuwa na nguvu zaidi. Anashauri pia tufunge turbo. Seremala naye yuko tayari kuanza vitanda na makabati wiki ijayo. Je, nianze na kipi, na fedha hizi zina maana?"

Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na mzazi. Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona limebeba maswali mawili ambayo ni vyema tuyatenganishe. La kwanza ni la mafuta na pesa. La pili ni la usalama wa watu watatu watakaolala umbali wa saa kadhaa kutoka gereji yoyote. Kabla sijajibu hata moja, mwambie seremala asubiri. Kila ubao atakaoupigilia leo utang'olewa kesho fundi atakapohitaji kupitisha waya, kushusha tangi au kufungua sakafu juu ya giaboksi.

Nianze na madai ya nguvu, kwa sababu hapo umeelezwa kinyume. Injini uliyonayo, 1FZ-FE, ina silinda sita, ujazo wa lita 4.5 na valvu 24, na nguvu yake ya mzunguko inapita nyutoni-mita 350. 1HZ ina silinda sita pia, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, valvu 12, haina turbo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini), na nguvu yake ya mzunguko ni takriban nyutoni-mita 285. Uzuri wake ni kwamba inaitoa nguvu hiyo mapema, injini ikiwa inazunguka polepole, kwa hiyo kwenye tope au mchanga utahisi inavuta kwa utulivu. Lakini kwenye mlima mrefu wa lami, ukiwa umebeba mizigo ya familia, utapanda ukiwa nyuma ya malori. Ukiikubali injini hii, ikubali kwa uvumilivu wake na kwa upatikanaji wa vipuri vyake. Ndiyo iliyobeba magari ya wagonjwa, ya polisi na ya watalii nchini kwetu kwa miaka mingi, na ni nadra kufika mji wa wilaya ukakosa mtu aliyewahi kuifungua.

Sasa tupige hesabu. Kwa kilomita tano kwa lita, kilomita 100 zinakula lita 20. 1HZ yenye afya, katika gari hilo hilo lililopakiwa, nategemea ikupe kilomita saba na nusu kwa lita, yaani lita 13 na kidogo. Unaokoa lita zipatazo 6.7. Tukichukulia kwamba petroli na dizeli zote ni shilingi 3,000 kwa lita, kila kilomita 100 zinakurudishia shilingi 20,000. Gawanya milioni 14 kwa kiasi hicho, utapata kilomita 70,000 kabla gharama haijarudi. Kwa mwendo wako wa kilomita 8,000 kwa mwaka, hiyo ni karibu miaka tisa. Na milioni 14 ni bei ya kuanzia. Sijawahi kuona kazi ya namna hii ikiishia kwenye bei ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo, kama lengo lako ni kuokoa pesa tu, jibu langu ni hapana.

Lakini zipo sababu nyingine, na hizo nazichukulia kwa uzito. Tangi la gari lako hubeba lita zipatazo 95. Kwa petroli unafika kilomita 475. Kwa dizeli unapita 700. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utazunguka Katavi siku nne na kurudi Mpanda kwa utulivu, au utalazimika kubeba madumu. Petroli kwenye dumu ni hatari ya kweli: mvuke wake hushika moto hata katika baridi kali, ilhali dizeli huhitaji kwanza kupashwa joto zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake uweze kuwaka. Mtu anayepika na kulala hatua mbili kutoka kwenye dumu, tena akiwa na mtoto, ana haki ya kuipima tofauti hiyo kwa kipimo kisichokuwa cha shilingi. Na lipo jambo ambalo hukuliuliza waziwazi lakini nimelisikia: gari ni la baba. Hilo halina hesabu, nami sitajifanya kwamba linayo.

Tuje kwenye maneno kwamba kila kitu kinaingia chenyewe. Ni kweli kwamba Toyota yenyewe iliuza mwili wa 80 ukiwa na 1HZ. Gari hilo huitwa HZJ80. Maana yake ni kwamba vifaa vya kiwandani vipo: maunti za injini, nyumba ya klachi, radieta, kava la feni, bomba la ekzosi, tangi, nyaya. Haina maana kwamba vifaa hivyo vimo ndani ya gari lako. Injini ikiletwa peke yake imefungwa kwenye mbao, hivyo vyote vinakuwa vitu vya kutafuta dukani kimoja kimoja au kuchongwa na mchomeleaji, na hapo ndipo wiki mbili zinapogeuka miezi minne. Ndiyo maana mimi husema usinunue injini, nunua gari. Tafuta HZJ80 iliyogongwa nyuma au iliyooza mwili, ambayo injini yake unaweza kuiwasha na kuisikiliza kabla hujalipa, kisha hamisha kila kinachohusika, hadi skrubu.

Naomba nikueleze kitu kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichonitia hofu zaidi nilipoona neno "chenyewe". Katika injini ya petroli kuna kipepeo kwenye njia ya hewa. Unapoachia pedali ya mafuta, kipepeo hufunga huku pistoni zikiendelea kunyonya, na ndani ya manifoldi hubaki ombwe, yaani utupu ambao mafundi huuita vakyumu. Busta ya breki hutumia ombwe hilo kuzidisha nguvu ya mguu wako. Dizeli ya aina ya 1HZ haina kipepeo. Hewa huingia kwa uhuru wakati wote, na kasi hutawaliwa na kiasi cha mafuta kinachopigwa na pampu. Hakuna kipepeo, hakuna ombwe, na busta haina cha kutumia. Kwa sababu hiyo kila dizeli ya namna hii huja na pampu yake ya vakyumu inayozungushwa na injini. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa gari lililobadilishwa injini kwingine, ambalo pampu hiyo ilikuwa imezibwa kwa sababu ilivuja oili. Dereva alitembea mjini wiki nzima akidhani pedali ni ngumu tu. Alielewa maana yake akiwa anateremka mlima Kitonga, akiwa amepakia, na miguu yote miwili juu ya breki. Alisimama salama, namshukuru Mungu, lakini magurudumu yalikuwa yanatoa moshi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa fundi yeyote liwe hili: breki zitapata vakyumu wapi? Asipokujibu papo hapo, mshukuru na uondoke.

Mfumo wa mafuta nao haufanani. Ndani ya tangi lako la petroli kuna pampu ya umeme. Hiyo hutolewa, kwa kuwa pampu ya dizeli hujivutia mafuta yenyewe. Tangi lisafishwe kabisa na mirija ikaguliwe, ule wa kwenda na ule wa kurudisha, kisha ifungwe chujio yenye chombo cha kutenganisha maji. Hili si la kupuuza, kwani pampu ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Petroli iliyobaki, maji, au mafuta ya taa yaliyochanganywa huondoa ulainisho huo, na vyuma vikasagana. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umeenea, na bado nashauri ujaze kwenye vituo vyenye magari mengi, usijaze kutoka kwenye madumu ya barabarani ila ukiwa huna njia nyingine.

Umeme usomwe kwa makini kabla ya kuunganisha chochote. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizouzwa Japani zilikuwa na betri mbili na staata ya volti 24, na lako ni la volti 12. Kuna mafundi wanaojaribu kwanza na kuuliza baadaye, na kinachoungua ni hita plagi zako (plagi zinazopasha injini ya dizeli joto kabla ya kuwaka) au saketi za gari. Geji ya mizunguko nayo haitasoma, kwa kuwa ilizoea kupokea ishara kutoka kwenye mfumo wa plagi za cheche, ambao dizeli haina.

Kuhusu injini yenyewe, usitosheke na kusikia sauti. Iwashwe ikiwa imepoa kabisa, asubuhi, mbele yako. Pimeni mgandamizo wa silinda zote sita. Kinachotafutwa ni namba zinazokaribiana, maana silinda moja iliyo chini ya wenzake ni habari mbaya kuliko zote kuwa chini kidogo. Fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka na utazame kama moshi unasukumwa nje. Hata ikifaulu yote hayo, badilisha mkanda wa taimingi kabla haijaingia kwenye gari. Mkanda huo una maisha ya kilomita 100,000, wewe hujui umeshatembea ngapi, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Badilisha pia sili ya oili ya nyuma ya krenki na klachi. Injini ikiwa chini, hizo ni kazi za saa chache. Ikishafungwa, ni kazi ya siku mbili.

Turbo naiweka kando kwa sasa, na nitakueleza kwa nini. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kitulo iko kwenye mita zipatazo 2,600, kwa hiyo utafika ukiwa umepoteza karibu robo, na moshi mweusi utauona nyuma. Turbo hurudisha hewa hiyo, hilo halina ubishi. Lakini 1HZ huchoma mafuta yake kwanza katika chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, na chuma cha eneo hilo tayari hubeba joto kali. Ukiongeza hewa, na fundi akafungulia mafuta ili upate raha ya mwendo, joto la ekzosi hupanda na hedi hupasuka. Turbo yenye msukumo mdogo, iliyopimiwa pampu na mtaalamu na kufungwa pamoja na geji ya joto la ekzosi, inaweza kuishi miaka mingi. Iliyofungwa kwa kukisia haidumu. Tembea mwaka mzima bila hiyo, ulijue gari, kisha uamue.

Jambo jingine ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba dizeli hupita kwenye maji bila wasiwasi kwa sababu haina plagi za cheche. Ni kweli nusu. Kila silinda ya 1HZ ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 694, na mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa moja. Ukigawa, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika mwisho ni kama vijiko viwili vya chakula. Maji hayagandamizwi. Yakiingia mdomoni mwa chujio ya hewa kwa kiasi kinachozidi hapo, konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, hupinda papo hapo. Injini yako ya petroli ina nafasi karibu mara tatu ya hiyo. Snokeli, yaani bomba linalovuta hewa ya injini kutoka juu karibu na paa, kwenye dizeli ya porini ni lazima, na viungo vyake vyote vizibwe vizuri hadi kwenye chujio, kwa kuwa snokeli inayovuja chini ya boneti ni pambo tu.

Sasa njia ulizonazo. Ya kwanza ni kubaki na petroli. Kilomita tano kwa lita huenda si tabia ya injini yako bali ni ugonjwa wake: sensa ya oksijeni iliyokufa, breki zinazoshika, plagi zilizochoka, matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Kwa sehemu ndogo ya zile milioni 14 unaweza kuifikisha kilomita sita, na tangi la pili likakupa umbali unaoutaka. Ya pili ni kuuza na kununua dizeli iliyotoka kiwandani, kama HZJ80, HZJ105 au HZJ78. Kwa mtu asiye na deni la moyo kwa gari lake, hii ndiyo ningemshauri bila kusita. Ya tatu ni kubadilisha injini kwa kutumia gari zima la kutolea vifaa. Kwako wewe, kwa jinsi ulivyoeleza, ningeanza na ya kwanza, nikasafiri nayo mara mbili, na nikaingia ya tatu endapo tu ningeipata HZJ80 nzima ya kuvuliwa vifaa na chasisi yangu ikathibitishwa na jicho la mtu asiyeniuzia kitu.

Injini yoyote itakayobaki, ujenzi wa ndani utatawaliwa na uzito. Gari lako tupu lina karibu kilo 2,200, na mzigo halali ni kati ya kilo 600 na 800. Namba yenye mamlaka ni ile iliyomo kwenye nyaraka za gari lenyewe. Ninyi watatu ni kama kilo 160. Maji lita 60 ni kilo 60, na tangi likijaa dizeli ni kilo 80. Hema la juu ya paa pamoja na keria ni kilo 95. Friji na chakula ni kilo 50, makabati ya plaiwudi 60, betri ya pili na sola 45, zana na tairi la ziada 70. Tayari mko kilo 620, na hamjapakia nguo, viti wala meza. Ukiongeza bampa ya chuma na winchi, umeongeza kama kilo 100 mbele, palepale ambapo injini ya dizeli nayo imeshaongeza uzito wake. Ndiyo maana springi na shokapu hupimwa baada ya kujua mzigo. Mwambie seremala atumie plaiwudi nyembamba yenye mbavu, vitu vizito vikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma, na makabati yafungwe kwa bolti zinazoshika chuma cha sakafu, kwa sababu gari likipinduka kabati lenye skrubu za mbao humwangukia mtoto aliyeketi mbele yake. Kisha nenda na gari lililopakiwa kwenye mizani, hata ya ghala la nafaka, lipimwe ekseli moja moja.

Betri ya pili iwe na fyuzi karibu kabisa na kichwa chake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, kwa hiyo mtungi ukae kwenye sanduku lenye tundu linalotoka nje kupitia sakafu, na jiko liwashwe nje kila inapowezekana. Usilale kamwe injini ikiunguruma, hata kwa ajili ya kuchaji.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyamaliza. Chasisi ya mwaka 1994 igongwe kwa nyundo na kutazamwa kwa chini, hasa nyuma na kwenye mashikizo ya springi. Hilo halifanyiki kwa picha. Arusha kuna gereji zinazojenga magari ya utalii kwa injini hii hii, na safari ya siku mbili kwenda kuonana na fundi mkuu wa mojawapo, kumlipa saa zake na kumwacha aseme ukweli, itakuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote. Kabla injini haijang'olewa, fika TRA (mamlaka ya mapato) na kwa mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, kwa sababu namba ya injini na aina ya mafuta vimeandikwa kwenye kadi ya gari, na hati za ushuru wa injini mpya zitatakiwa. Mjulishe na mwenye bima. Ukifika mpakani Tunduma au Kasumulu na namba ya injini isiyolingana na kadi, safari inaishia hapo. Na gari likishabadilishwa, litembee kilomita 3,000 karibu na nyumbani, likiwa na mifuko ya mchanga kwa uzito wa mizigo yenu, ukitazama joto, uvujaji na pedali ya breki kila siku. Zikipita hizo salama, mpigie simu seremala.